Msawazo juu ya mpira wa mazoezi ni nini?

Ukimtazama kwa mbali mtu aliyezoea, amepiga magoti juu ya mpira mkubwa wa mazoezi, utadhani ameganda. Msogelee. Tazama kiuno chake, mapaja, vidole vya mikono. Havitulii hata kidogo: kiuno kinaenda kushoto kwa upana wa ukucha, kinarudi, mpira unajibu kwa kusogea mbele, naye anaurudisha. Huo ndio msawazo. Ni kuanza kuanguka mara nyingi ndani ya dakika moja, na kila mara kujirudisha kabla anguko halijakamilika.

Naanza na hilo kwa sababu anayejifunza huwa na picha tofauti kichwani. Anadhani siku akiweza, mpira utaacha kutikisika. Akikaa ukamtikisa, anasema "mimi siwezi", anaurudisha kabatini. Kumbe ule mtikisiko ndio somo lenyewe.

Neno msawazo limezaliwa na "sawa", kupitia kitenzi "kusawazisha". Waliosoma fizikia watakumbuka kwamba iko misawazo ya aina tatu, na gololi na bakuli vinatosha kuionyesha. Gololi iliyo ndani ya bakuli ukiisukuma hurudi chini yenyewe: huo ni msawazo imara. Ukipindua bakuli na kuiweka gololi juu ya tako lake, mguso mdogo tu inaporomoka: msawazo usio imara. Gololi iliyo sakafuni ukiisukuma inabingirika na kutulia popote inapofika: msawazo huru. Mpira wa mazoezi ukiwa peke yake ni hiyo gololi ya sakafuni. Ukiukalia na kunyanyua miguu yote miwili, wewe na mpira mmekuwa gololi juu ya bakuli lililopinduliwa. Hakuna kitu kitakachowarudisha katikati isipokuwa misuli yako.

Mwili hauanguki mradi kitovu chake cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wote wa mwili ni kama umekusanyika hapo, kiko juu ya eneo linaloubeba. Ukiwa kwenye kiti, eneo hilo ni pana na halitembei. Kwenye mpira, linalogusa sakafu ni duara dogo, nalo linahama kila unapohama. Hapa pana siri moja ndogo: mpira uliopunguzwa upepo kidogo hubonyea chini, duara linapanuka, na kazi inakuwa rahisi. Mpira uliojaa ndi ni mkali zaidi. Anayeanza asione haya kupunguza upepo.

Ubongo nao unajuaje kwamba umeanza kuanguka? Una wapasha habari watatu. Wa kwanza ni macho. Wa pili yumo ndani ya sikio: mifereji mitatu midogo iliyojipinda, yenye majimaji yanayosogea kila kichwa kinapogeuka. Wa tatu ni vihisio vilivyo ndani ya misuli, viungo na nyayo, vinavyouambia ubongo goti limekunjwa kiasi gani na uzito umeegemea wapi. Simama kwa mguu mmoja kama mtu anayevaa suruali, kisha fumba macho. Utaona jinsi unavyoyumba ghafla kwa kumkosa mmoja tu wa hao watatu. Ndiyo sababu mtu kwenye mpira huambiwa akazie macho kitu kimoja kisichosogea, kitasa cha mlango kwa mfano, badala ya kutazama magoti yake.

Mpira huu wengi huuita mpira wa Uswisi, ingawa aliyeutengeneza mwaka 1963 ni Mwitaliano wa viwanda vya plastiki, Aquilino Cosani. Jina la Uswisi lilitokana na matumizi. Mary Quinton, mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka Uingereza, aliutumia huko kuwatibu watoto wachanga, na Susanne Klein-Vogelbach wa Basel, mji wa Uswisi, akauingiza katika tiba ya watu wazima. Kwa hiyo kabla haujawa kifaa cha jimu ulikuwa kifaa cha tiba, na hata leo nadhani mtu anayeutumia taratibu, kama mgonjwa anayejifunza upya kukaa, anafaidika kuliko anayekimbilia maonyesho.

Mipira huuzwa kwa kipenyo, kwa kawaida sentimita 45, 55, 65, 75 na 85. Kipimo cha kweli ni kuukalia: nyayo zikiwa bapa sakafuni, magoti yakunje pembe ya nyuzi 90 hivi, na nyonga ziwe sawa na magoti au juu yake kidogo. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, mpira ni mdogo kwako au umepungua upepo mno.

Mimi siku ya kwanza niliukalia nikiwa na soksi, juu ya vigae. Mpira haukunifanya lolote. Miguu ndiyo iliyoteleza mbele, mpira ukakimbilia nyuma, nami nikatua kwa kalio na kiwiko kikagonga mguu wa meza. Tangu siku hiyo ni miguu mitupu juu ya mkeka wa mazoezi, mpira ukiwa karibu na ukuta na meza mbali.

Mwanzo wenyewe hauna mbwembwe. Kaa katikati ya mpira, miguu imepanuka kuliko mabega, mikono ikiwa mapajani. Zungusha nyonga polepole kama unayechora duara kwa kiuno, mpaka ujue mpira unajibuje. Kisha nyanyua kisigino kimoja tu, vidole vibaki chini. Kikizoeleka, nyanyua mguu mzima kidogo sana, kiasi cha kupitisha karatasi chini yake. Hapo ndipo utakapojigundua umebana pumzi. Karibu kila mgeni hubana. Pumua, hata kama ni kwa kuhesabu kwa sauti, kwa sababu mwili uliokakamaa hauwezi kufanya yale masahihisho madogo; unasubiri kosa likue, kisha unaruka kulirekebisha kwa nguvu na kulizidisha.

Misuli itatetemeka, hasa ya tumbo la ndani na ile midogo inayoshika uti wa mgongo. Haimaanishi kwamba ni dhaifu. Maendeleo ya wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamrisha misuli kwa wakati, kabla misuli yenyewe haijakua. Kwa hiyo dakika tano kila siku zina faida kuliko saa nzima Jumamosi. Mishipa ya fahamu iliyochoka inajifunza makosa.

Kupiga magoti huja baadaye sana: mikono juu ya mpira, magoti yakiuegemea, unajiviringisha mbele mpaka vidole vya miguu viache sakafu, halafu unarudi. Mwanzoni utakaa juu nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ihesabu. Ukihisi unaenda, usiukumbatie mpira. Uache uende zake, wewe teremsha mguu. Kusimama juu ya mpira, kwa maoni yangu, mgeni aachane nako kabisa. Na mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara, mifupa dhaifu, mimba iliyokua au aliyepasuliwa karibuni amwone daktari kabla ya kujaza upepo.

Usishangae ukiweza mguu wa kulia na kushindwa wa kushoto. Mimi wa kulia ulikubali siku ya nne. Wa kushoto ulinichukua wiki mbili nzima, na mpaka leo nikiunyanyua, mkono wa kulia unajiinua wenyewe hewani bila kuombwa.