Kilele cha Nyiragongo hakitoshi: dhana potofu kuhusu maputo na miale ya gama

Mkaaji wa Goma anayeutazama mlima wa volkano wa Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, anaweza kudhani kwamba kitambuzi cha miale ya gama (aina ya mwanga usioonekana, wenye nishati kubwa mno) kingejaribiwa vizuri kileleni humo bila gharama ya kukipandisha angani kwa puto. Ukweli ni kwamba mtu akisimama pale, takriban theluthi mbili ya hewa yote bado iko juu yake, uzito unaolingana na maji yenye kina cha karibu mita saba, na miale ya gama itokayo kwenye nyota humezwa humo kabla ya kumfikia. Ndiyo maana puto hupandishwa hadi kilomita 33 au zaidi, ambako hewa iliyobaki juu haifiki asilimia moja.

Dhana nyingine, iliyo ngumu zaidi kung'oka, ni kwamba huko juu kuna utulivu, hivyo kila mwale unaonaswa umetoka mbali. La hasha. Chembe za mionzi kutoka anga za mbali huigonga hewa iliyosalia, hata chuma cha chombo chenyewe, na kuzalisha miale mingine ya gama inayoizidi kwa wingi ile inayotafutwa. Positroni (chembe kinyume za elektroni, zenye chaji chanya) zinazozaliwa hewani zikikutana na elektroni hutoa miale yenye nishati ya kiloelektronivolti 511, nishati ileile inayotoka katikati ya galaksi yetu. Kwa hiyo kuipima nishati peke yake hakusaidii, bali ni lazima kujua mwale umetoka upande gani. Maabarani, ambako mtafiti huweka mezani kipande cha sesiamu-137, madini yanayotoa mionzi, akijua kilipo na kinatoa nini, ugumu huo haujitokezi.



Wapo pia wanaosema kwamba safari ya puto ni mazoezi yasiyo na matokeo. Lakini chombo cha kupima miale ya gama kiitwacho COSI kilirushwa kwa puto kutoka Wanaka, New Zealand, mwezi Mei 2016, kikakaa angani siku 46 hadi kutua Peru, na tarehe 30 Mei kikanasa mlipuko wa miale ya gama. Katika safari hiyohiyo, vitambuzi 3 kati ya 12 vya jemaniamu vilizimwa kwa sababu ya hitilafu ya volteji kubwa, kasoro ambayo ni heri igunduliwe kwenye puto kuliko kwenye setilaiti isiyofikiwa na fundi yeyote. Mwaka 2021, NASA ilikichagua COSI kiundwe upya kama setilaiti.