Maji ya Salmacis hayakumlegeza mtu

Tangu zama za Warumi imesemwa kwamba mwanaume akinywa maji ya Salmacis, chemchemi ya Halicarnassus (leo Bodrum, Uturuki), analegea na kupoteza uanaume. Aliyeikoleza habari hiyo ni mshairi Ovid. Kwake, Salmacis ni nimfu (roho ya kike ya chemchemi) asiyependa kuwinda. Anachana nywele kwa kitana cha mti, anajitazama majini, kisha anamrukia kijana Hermaphroditus mpaka miili yao inakuwa mmoja.

Utamu wa hadithi sio ushahidi. Kabla ya Ovid, msanifu majengo Vitruvius alishaukana uvumi huo. Maji yale, anasema, ni maangavu na matamu. Mlowezi mmoja wa Kigiriki alifungua kilabu kando ya chemchemi, wenyeji wakali waliofukuziwa milimani wakaanza kushuka mmoja mmoja, na kwa kuzoeana na Wagiriki ukali ukawatoka. Mwanajiografia Strabo naye alilaumu utajiri na anasa, si maji.

Mwaka 1995 shairi la kale lililochongwa ukutani lilipatikana hukohuko Bodrum. Ndani yake wenyeji wa kale wanamsifu Salmacis kama mlezi wa Hermaphroditus, na huyo kijana ndiye wanayemtaja kuwa mwanzilishi wa ndoa.