Nyumba ya Nicolas Flamel, Paris: hadithi na ukweli

Watu hufika namba 51, mtaa wa Montmorency, wakiwa wameshaambiwa kwamba hapa ndipo Nicolas Flamel, mnakili na muuza vitabu wa enzi za kati, alipoishi na kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Hakuishi hapa. Makazi yake yalikuwa jirani na kanisa la Saint-Jacques-de-la-Boucherie, ambalo leo limebaki mnara tu. Nyumba hii aliijenga mwaka 1407, mkewe Pernelle akiwa ameshafariki miaka kumi kabla.

Aliyejengewa ametajwa ukutani. Juu ya milango ya chini umepita mstari mrefu wa maandishi: wanaume kwa wanawake wanaofanya kazi na kukaa humu wanatakiwa kila siku kusali Baba Yetu moja na Salamu Maria moja, kuwaombea wakosefu waliokufa. Vyumba vya chini vilikuwa vya biashara, na kodi yake ilisaidia kuwahifadhi maskini waliokaa ghorofani. Kwangu mimi habari hiyo inapita dhahabu yoyote, na inasikitisha kwamba ndiyo isiyosimuliwa.

Na utajiri je? Flamel alinakili vitabu na kuviuza, Pernelle alikuja na mali ya ndoa zake za awali, kisha wakapangisha nyumba. Kitabu kilichompa sifa ya alkemia, yaani ule ufundi wa kugeuza madini kuwa dhahabu, kilichapwa mwaka 1612. Yeye alikufa 1418. Karibu karne mbili zimepita katikati!

Dhana nyingine ni kwamba nyumba yenye mbao zinazoonekana nje lazima iwe kongwe kuliko ya mawe. Namba 3, mtaa wa Volta, ilisifiwa miaka mingi kuwa nyumba kongwe kuliko zote Paris, ya tangu mwaka 1300 hivi. Utafiti wa 1979 ukaonyesha ilijengwa katikati ya karne ya 17. Macho yalidanganywa na mbao. Sifa hiyo sasa hupewa nyumba ya Flamel, iliyojengwa kwa mawe.

Wapo pia wanaodhani jengo linalolindwa na sheria hugeuka makumbusho. Hili liliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1911, na bado chini kuna mgahawa. Kinachokatazwa ni kulibomoa au kulibadilisha bila kibali, kwa hiyo watu wanaendelea kula chini ya maandishi yale yale.