Nani kasema msiba wa kujitakia hauna kilio?

Jumamosi tumekaa Kirumba na kikundi chetu cha kusoma, kitabu ni Brave New World cha Huxley, cha 1932, na hata chai haijamiminwa mtu kashatoa hukumu: "Mwalimu, hii sio tanzia, John kajiua mwenyewe, msiba wa kujitakia hauna kilio." John ndiye mhusika anayekufa mwishoni mwa riwaya hiyo. Jamani. Nafundisha fasihi hapa Mwanza mwaka wa kumi na moja sasa na hiyo methali nimesahihisha kwenye insha mpaka nimechoka.

Kwanza wenyewe hatuifuati. Mwaka juzi kuna jirani yetu Igombe wenzake walimwambia asitoke, ziwa limechafuka, yeye akaenda kuangalia nyavu zake, mtumbwi ukaokotwa mtupu. Msibani watu walisema alijitakia, tena walisema wazi, huku wanalia. Mama yake alikuwa na lile koti lake la mvua la njano, analikunja, analikunjua, analikunja tena. Lawama ilikuwepo na kilio kilikuwepo, hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Kinachoniudhi zaidi ni hamatia, lile neno la Aristotle la kosa linalomwangusha mhusika wa tanzia. Vitini vinasema ni "dosari ya tabia", basi, mwanafunzi akishakariri hivyo anageuka hakimu, anamsaka mhusika dhambi, akiipata anafunga faili. Neno lenyewe la Kigiriki linahusu kukosa shabaha, yani umelenga, mshale umepita pembeni. Na Aristotle anataka mtu wa katikati, sio mtakatifu sio muovu, tumhurumie kwa sababu yaliyompata yamezidi aliyostahili, tuogope kwa sababu anafanana na sisi.

Sasa mwangalie John. Kakulia New Mexico kwa watu waliomtenga kwa rangi yake, hata jandoni wakamkatalia. Ule mjeledi anaojichapa nao mwishoni una historia: alishaona kijana akichapwa kwenye ibada ya kule, akatamani awe yeye, hawakumtaka. Kaletwa London ya wakati ujao, ambako serikali inatengeneza watu kwenye chupa, mama yake kafa kwa vidonge vya "soma", dawa ya kulevya ya huko. Simtetei kwa yote, alivyompiga Lenina, yule msichana wa London aliyempenda, ni ubaya tu. Lakini kuna sehemu wasomaji wote wanaipita mbio: John aliomba. Aliomba aende visiwani na rafiki zake Bernard na Helmholtz, waliokuwa wanapelekwa huko uhamishoni, mtawala Mustapha Mond akakataa kwa sababu anataka kuendelea na jaribio lake. Mtu kaomba mlango kanyimwa, kakimbilia kwenye mnara wa taa kafuatwa na kamera na helikopta, umati unapiga kelele unataka kuona mjeledi, afu unaniambia kajitakia?

Na ajabu ni kwamba wasomaji hao hao Rosa wanamlilia, Rosa wa Kezilahabi, yule mwandishi wetu wa Ukerewe, kwenye Rosa Mistika ya 1971. Naye kajiua. Ila baba mkali kama Zakaria, babake Rosa, wanamjua, wamekua naye nyumba ya pili, kwa hiyo lawama ina pa kwenda. Serikali inayotengeneza watu kwenye chupa hawajawahi kupishana nayo barabarani, basi mzigo wote anabebeshwa John.

Ila kuna mahali mimi mwenyewe nakwama. Mwaka 1946 Huxley aliandika dibaji mpya akakiri kwamba alimpa John njia mbili tu, wazimu wa London au maisha ya kule kijijini New Mexico, na kwamba angeandika upya angempa ya tatu. Sasa kama mlango haupo kwa sababu mwandishi hakuujenga, huyu kaanguka au kategwa? Tanzia inataka mtu ambaye angeweza kugeuka. Kuna siku naona lile ombi la visiwani linatosha, kwamba Huxley aliuchora mlango afu akaufunga mbele ya macho yetu. Kuna siku naona halitoshi kabisa, na darasani huwa napita hapo haraka, sio vizuri.

Jumamosi ijayo tunaanzia hapo. Na aliyeleta methali nimeshamwambia, sura ya 18 anaisoma yeye, kwa sauti.