Ana Kisukari, Anatetemeka: Mpe Sukari

Mwili unajuaje kuwa sukari imeshuka?
Mifumo miwili hushirikiana. Mfumo wa fahamu hupeleka taarifa kwa neva, kufumba na kufumbua. Mfumo wa homoni hutumia tezi zinazomwaga kemikali kwenye damu. Huchelewa kidogo, ila kazi yake hudumu. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), ubongo hushtuka, maana glukosi ndiyo chakula chake kikuu na hauna akiba ya maana. Neva huziamsha tezi zilizo juu ya figo, zikamwaga adrenalini. Kongosho hutoa glukagoni, na ini huachia sukari liliyohifadhi.

Ndiyo maana mzee wangu hutoka kijasho chembamba?
Ndiyo, adrenalini hiyo. Mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, njaa humshika ghafla. Akiachwa hivyo, ubongo wenyewe hukosa chakula: anaropoka, anakuwa mkali, anapepesuka kama mlevi, mwisho degedege na kuzimia. Hapo nyumbani wanaanza kusema karogwa. Hajarogwa.

Lakini ana kisukari. Nikimpa sukari si nitamuua?
Hapana. Mpe sukari. Kila mara tunaletewa mgonjwa kwa Bajaji, shati limelowa chapachapa, na ndugu wanasema: "Tulimpa maji tu, sukari tuliogopa." Kumnyima ndiko kunakoua. Vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haisaidii kitu. Baada ya dakika 15 mpime, na kama bado iko chini ya 4, rudia. Akipata nafuu, ale.

Hatuna mashine ya kupima.
Mpe sukari. Ikiwa kumbe ilikuwa juu, vijiko hivyo havitamuua. Ikiwa imeshuka, kusubirisubiri kunaweza kumuua.

Akiwa amezimia?
Hapo usimtie kitu mdomoni: si soda, si asali. Kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, tafuta usafiri, mkimbize hospitali akapewe glukosi kwa mshipa. Msipitie kwa mganga. Msisubiri kukuche.

Sukari kushuka husababishwa na nini?
Mara nyingi ni dawa kutangulia na chakula kuchelewa. Mtu anachoma insulini alfajiri Gongo la Mboto ili awahi Kariakoo, foleni inamshika, chai anaikuta saa nne. Mwingine anafunga Ramadhani na dozi yake ni ileile. Kumuuliza daktari kabla ya mwezi kuandama kuna ugumu gani? Pombe bila chakula nayo ni hatari, kwa kuwa huzuia ini kutengeneza sukari.

Amezinduka, anaongea vizuri. Bado tuje?
Kama anatumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, njooni leo hii. Kidonge hicho kinaweza kufanya kazi siku nzima, na sukari ikashuka tena usiku mmelala.