Ploti isiyo na ua si ruhusa ya kuchimba

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi: ploti isiyo na ua wala kibao ni huru kwa mwenye mashine ya kutafuta metali, na atakachofukua ni chake.

Si kweli. Sura ya 294 ya sheria za Kenya inakataza kuingia ardhi ya mtu bila ridhaa ya anayeikalia. Nadhani kinachotuchanganya ni vile vijia vya mkato: tukishapita mahali miaka mingi, tunapaona petu. Video za ng'ambo nazo huchangia, ingawa hata Uingereza lazima umwombe mwenye shamba kwanza.

Ruhusa ya mlinzi wa geti haitoshi. Mwombe mwenye ardhi namba ya ploti, uhakiki jina lake kwenye Ardhisasa, mtandao wa serikali wa kumbukumbu za ardhi, kisha akuandikie: siku gani, sehemu gani, mashimo yatafukiwaje, na kitakachopatikana ni cha nani.

Hapo pia kuna mpaka. Sheria ya turathi ya mwaka 2006 inataka leseni kwa anayesaka vitu vya kale, hata mwenye shamba akikubali.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyeutuma aulize kwanza hati ina jina la nani.