Je, wajua kwa nini bendera yetu ilishushwa alipofariki Malkia wa Uingereza?

Malkia Elizabeth II alifariki Balmoral, Scotland, Septemba 8, 2022, akiwa na umri wa miaka 96, ametawala miaka 70. Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza siku tano za maombolezo ya kitaifa, bendera zipepee nusu mlingoti kuanzia Septemba 10. Amri ya namna hiyo ni ya nchi nzima, kwa hiyo inamfikia mkuu wa wilaya wa Newala kama inavyomfikia wa Ilala. Na huku Mtwara, kwenye vijiwe vya kahawa, swali lilikuwa linajitunga lenyewe: siku tano za nini? Pwani hii tanga tunalianua siku ya tatu, na hapo marehemu ni mtu wa nyumbani.

Wengi hujibu kwamba ni adabu tu ya kidiplomasia. Kuna zaidi ya hapo. Elizabeth aliwahi kuwa malkia wetu kisheria, na si enzi za gavana peke yake: alikuwa hivyo hata baada ya uhuru. Bendera ya Uingereza iliposhushwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipata serikali yake lakini mkuu wa nchi akabaki yeye, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu chini ya mpango huo, kisha Januari 1962 akamwachia Rashidi Kawawa, mtu wa Songea, jirani zetu. Hali hiyo ilidumu mwaka mmoja kamili, mpaka Jamhuri ilipozaliwa Desemba 9, 1962. Shuleni tulikariri tarehe zote mbili, ila sikumbuki mwalimu aliyetuambia ni nani alikuwa mkuu wa nchi katikati yake. Zanzibar haikupitia njia hiyo. Ilikuwa na sultani wake.

Hata hivyo bendera ya 2022 haikushushwa kwa sababu ya mwaka ule mmoja. Ilishushwa kwa sababu ya cheo alichobaki nacho, yaani Mkuu wa Jumuiya ya Madola, ambamo Tanzania ni mwanachama tangu 1961. Mwalimu mwenyewe alitenganisha mambo haya mawili. Desemba 1965 alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Kizungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) waliojitangazia uhuru, lakini Tanzania haikutoka kwenye Madola. Aliigombeza serikali ya London bila kuhama baraza.

Idadi ya siku ni uamuzi wa rais wa wakati huo. Kenya walitangaza nne. Sisi, alipofariki Mzee Mkapa Julai 2020, tuliomboleza siku saba, naye akazikwa kwao Lupaso, Masasi. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, mwaka 2024 alitangaziwa siku tano. Kwa hiyo Malkia alipimwa kwa kipimo cha waziri mkuu mstaafu wa nchi hii. Kwangu mimi hapo ukarimu ulizidi kidogo. Rambirambi na siku moja vingetosha.

Lakini mjadala haukuwa wa hesabu za siku. Barani Afrika watu waligawanyika kabisa. Afrika Kusini, chama cha EFF kilitoa taarifa kwamba hakimwombolezi. Wakenya wakakumbushana kwamba binti huyu alipata habari za kurithi kiti akiwa kwao, Februari 1952, na kabla mwaka haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa dhidi ya Mau Mau. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa zaidi ya Wakenya 5,000 walioteswa kipindi hicho, jumla pauni milioni 19.9. Upande wa pili ukajibu: yule ni bibi kizee amekufa, ana watoto na wajukuu, ngojeni azikwe kwanza. Masheikh wetu nao hufundisha kutaja mema ya waliotangulia.

Kusini hatuna haja ya kuchagua upande mmoja wapo, kwa sababu msiba wetu una nafasi ya mtu wa tatu: mtani. Wangoni na makabila ambayo babu zao walipigana nao hutaniana mpaka leo, na Wayao, Wamwera, Wamakua na Wamakonde wana utani wao. Wafiwa wanalia, mtani anaigiza mwendo wa marehemu, anamwita mchoyo, anataja madeni yake. Wengine huzuia jeneza, au hulala ndani ya kaburi, wasitoke mpaka wapewe hela. Hakuna anayekasirika. Mfiwa akikasirika, yeye ndiye hajui mila.

Ila ruhusa hiyo haitolewi bure. Mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi, anayepasua kuni, anayesimamia masufuria. Anasema kwa sababu anafanya kazi. Ndiyo maana matusi mengi ya siku zile yalisikika vibaya hata kwa watu wasioupenda ukoloni: yalitoka kwa wasiokuwa na jembe mkononi.

Sasa hapo ndipo Mtwara na Lindi zinaingia, maana jembe tulilishika. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa reli ya kusini na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara. Karanga zilishindikana, ardhi na mvua vikawakataa, na mradi ukafutwa mwaka 1951 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Bandari ilikamilika mwaka 1954, Elizabeth akiwa tayari kwenye kiti, na leo inasafirisha korosho. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mzee ambaye baba yake alibeba mataruma ya reli ile, kisha akaona yanang'olewa, ana haki ya kumtania Malkia msibani kuliko mchambuzi yeyote wa mjini. Alishalipia.

Mtani lakini hutania watu wanaomjibu, na hapo Ikulu za Ulaya hazifanani. Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles III akiwa Nairobi alisema ana huzuni kubwa na majuto kwa yaliyotendwa, ila neno la kuomba radhi hakulitamka. Siku iliyofuata Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, na aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwafanyia babu zetu. Aliyatamka hayo kwa niaba ya nchi ambayo haina mfalme tangu 1918, juu ya Vita vya Majimaji ambavyo viliwaka chini ya Kaisari Wilhelm II, na ambavyo Liwale, mkoani Lindi, iliviona tangu mwanzo, mwaka 1905.